Nodi Chini ya Kaunta

Kaka yangu ana tabia ya kula karanga huku anaongea, na maganda huyapuliza popote mdomo unapoelekea. Asubuhi ile aliyapulizia kwenye kaunta yangu, juu ya lenzi nilizotoka kuzifuta. Mimi ni fundi miwani. Uchafu nauona hata usipotaka kuonekana.

"Mdogo wangu," alisema, akasukuma flashi mbele yangu, "weka programu hii kwenye kale kakompyuta kako. Ni kubofya tu."

Kakompyuta hako kako chini ya kaunta, na kazi yake inaitwa nodi. Mtaani kwetu wengi wanalipana kwa sarafu ya mtandaoni, na kaka ni mmoja wa wachimbaji. Ghala lake limejaa mashine zinazonguruma kutwa, zikishindana kufunga malipo ya watu kwenye furushi linaloitwa bloku. Anayefunga bloku hupata sarafu mpya kama ujira, na kiasi chake kimewekwa na kanuni inayojulikana kwa wote. Nodi yangu haichimbi kitu. Inakagua tu. Bloku ikija na ujira uliozidi, inaitupa, iwe imetoka kwa nani. Kinyozi, muuza dizeli, mama wa duka la dawa, simu zao zote huiuliza nodi hiyo kabla hawajatoa mzigo. Silipwi chochote. Niliiweka kwa sababu sipendi kuambiwa "niamini tu".

"Programu hii inabadilisha nini?" nikamuuliza.

"Ujira wetu unakuwa mara mbili. Wachimbaji wakubwa wote tumekubaliana, na tumeshaanza tangu juzi. Mmebaki nyinyi wenye vinodi."

"Na mama wa duka la dawa, sarafu zikizagaa hivyo akiba yake si itapungua thamani?"

"Hatasikia kitu. Inapungua taratibu." Akacheka, ganda likiwa limemganda kwenye jino. Ni mama yule yule aliyempa kaka dawa kwa mkopo mwaka mzima, kaka alipokuwa hana hata mashine moja.

"Siweki," nikasema.

Akatazama kuta za duka polepole. Chumba kilikuwa cha baba, na hati ina jina la kaka kwa kuwa ndiye mkubwa. "Basi kesho tafuta pa kupeleka miwani yako," akasema, akaondoka na kuniachia maganda.

Mchana akaja muuza dizeli, anayelisha jenereta za ghalani, amekunja uso. "Fundi, nodi yako imekufa? Kaka yako amenilipa, kwenye simu yake naona yamepita, kwenye yangu hakuna kitu."

Niliinama nikaangalia. Nodi ilikuwa hai. Bloku za kaka zilikuwa zimetupwa zote, moja baada ya nyingine, pamoja na malipo yaliyomo, kwa kosa lile lile: ujira umezidi. Na si kwangu tu. Nodi za watu nisiowajua, huko majumbani kwao, zilikuwa zimezitupa vilevile. Tangu juzi kaka alikuwa anajikagua kwa mashine zake mwenyewe, zinamjibu ndiyo, naye anafurahi.

Akaingia mwenyewe, shati limelowa, ananuka jasho na dizeli. "Mwambie huyu nimemlipa."

"Nodi inasema hujamlipa."

"Mimi ndiye kaka yako, nakwambia nimelipa."

"Nodi haina kaka. Ndiyo maana amekuja kuiuliza."

Simu yake ikaita. Nilimsikia mwenzake upande wa pili akisema kwamba wao walisharudi kwenye kanuni ya zamani tangu jana, walidhani ameambiwa. Hawakumwambia. Walikula naye, wakapanga naye, kisha wakamwacha achome dizeli peke yake. Nilitaka kumwonea huruma, ikagoma kuja. Kilichokuja ni kinyaa, kwake na kwao.

"Toa vitu vyako," akaniambia. "Leo hii."

Nikavitoa. Mkewe, wifi yangu, alinikuta mlangoni nimekumbatia nodi, nyaya zinaning'inia. Kisa chote alikuwa ameshakisikia kwa muuza dizeli.

"Hii nayo inapiga kelele kama zile za ghalani?"

"Hapana, wifi. Haisikiki kabisa."

"Umeme je?"

"Kama taa moja."

Akaipokea kwa mikono miwili. "Basi itakaa jikoni kwangu. Mume wangu jikoni haingii hata kwa maji ya kunywa."

Sasa nafuta lenzi barazani kwa kinyozi, vumbi linanitesa, na duka la baba limefungwa kufuli. Kaka amerudi kwenye kanuni ya zamani kimyakimya. Juzi alimlipa muuza dizeli upya, akiwa mezani nyumbani kwake, mimi na wifi tukiwa hapo hapo. Simu ya muuza dizeli ikauliza, na jibu la "imepokelewa" likatoka kwenye nodi iliyo jikoni, nyuma ya kiti cha kaka, naye anapuliza maganda sakafuni.