Kisu cha Mbao

Nesi mstaafu aliyetufundisha kujihami hakuwa na muda wa madoido. Miaka thelathini alishona majeraha ya watu, na wenye mikanda myeusi ya karate aliwashona pia. "Staili yangu ni moja tu," alituambia siku ya kwanza, "ufike nyumbani mzima." Tulifanya mazoezi kwenye stoo ya seremala, katikati ya meza na viti, tukiwa na nguo zetu za kazini, kwa sababu hakuna mhuni atakayekusubiri ubadilishe viatu. Kilicho karibu ndicho silaha. Mlango ukiuona, toka.

Mwenzangu wa mazoezi alikuwa wifi yangu, dada wa mwanamume niliyemkimbia. Alikuja kunisindikiza, akanogewa. Ananijia na kisu cha mbao, nakamata mkono, nauzungusha, nakinyang'anya, kisha namrudishia, mpini mbele, kwa adabu, ili turudie.

"Asante, wifi."

"Haya, tena."

Mara hamsini kila Alhamisi, kwa miezi mitano. Nesi alitukemea mpaka akachoka: "Mnarudishiana nini nyie? Kitupeni mbali!" Tulimcheka. Nani ana muda wa kutambaa chini ya makabati kila dakika akitafuta kipande cha mbao?

Kaka yake wifi alinifuata kazini saa nne asubuhi. Mimi ni mpiga pasi hotelini. Chumba chetu kiko chini kabisa, kina mlango mmoja, dirisha la nondo, na mashine zinazonguruma kiasi kwamba ukipiga mayowe unajisikia mwenyewe tu. Mpiga pasi mwenzangu alikuwa amepandisha mashuka ghorofani. Nilipogeuka nilimwona mume wangu ameshaingia, anasukuma komeo la mlango.

"Leo tunarudi nyumbani," alisema. "Miezi minane inatosha."

Mkononi alikuwa na kisu cha jikoni kwetu. Nilikijua, nilikikatia vitunguu miaka saba.

Mgongo wangu uligusa meza ya pasi. Niliogopa, sioni haya kusema. Mlango ulikuwa nyuma yake. Akanijia, na mikono yangu ikafanya kazi bila kuniuliza: ikakamata, ikazungusha, ikanyang'anya. Kisu kikawa changu.

Nikamrudishia. Mpini mbele.

"Haya, tena," nikasema.

Akakipokea. Uso ukamlainika, uso ule ule aliokuwa nao kila nilipomwomba radhi kwa makosa yake.

"Unaona?" akasema. "Wewe mwenyewe unajua mkubwa ni nani."

Hapo hasira zikanipanda mpaka utosini. Nilikwapua shuka lililolowa kwenye toroli, nikamfunika nalo kichwa kizima, nikamsukumia toroli tumboni, nikampita, nikarukia komeo. Likagoma. Mwezi mzima nilikuwa nalilalamikia kwa fundi! Nikavua kiatu nikaligonga kwa kisigino, mara moja, mara mbili, huku nyuma yangu namsikia akitukana ndani ya shuka. Mara ya tatu likaachia. Nilipanda ngazi na kiatu kimoja, na walinzi wakashuka kumkamata.

Alhamisi nikawasimulia wenzangu yote, pamoja na ule upuuzi wa kurudisha kisu. Hakuna aliyecheka. Nesi aliniuliza jambo moja tu:

"Kwangu una miezi mitano. Kabla ya hapo, ulikuwa ukimrudishia kwa miaka mingapi?"



Wifi alikuwa amekuja, macho mekundu. Alinivuta pembeni.

"Mama anakuomba ufute kesi," alinong'ona. "Kaka analia huko ndani. Mara hii tu, wifi yangu. Yaishe, mrudiane."

"Mnaongea nini? Anzeni!" Nesi akapaza sauti.

Wifi akanijia. Nikakamata, nikazungusha, nikanyang'anya. Akanyoosha kiganja kama siku zote.

"Lete, wifi."

Nilikitia kisu cha mbao mfukoni mwa aproni. Yeye akabaki amenyoosha mkono.