Kayaki ya Baba Munene

Siku kayaki, mtumbwi mwembamba wa plastiki, ilipofika Burat karibu na Isiolo, imefungwa juu ya lori la simenti lililotoka Mombasa, majirani walitoka kuitazama. Etabo, wa boma la pili, aliizunguka, akaigonga ubavuni kwa kidole, akauliza kama ni hori la kunyweshea ngamia. Gichunge, mwenye kayaki, akacheka. Mkewe, Ntinyari, aliyekuwa jikoni akipepeta maharagwe, alisikia kicheko kile, ungo ukatulia mikononi. Hakuwa amemsikia mumewe akicheka tangu walipomzika Munene.

Munene alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliendesha bodaboda mjini Isiolo, na mwaka uliopita trela lilimgonga kwenye barabara ya Moyale, akafa palepale. Pikipiki ile alinunuliwa na baba yake. Ntinyari alikuwa amekataa, lakini Gichunge alisema kijana mzima hawezi kushinda nyumbani akisubiri kulishwa. Baada ya mazishi hakuna aliyemkumbusha maneno hayo, naye hakuhitaji kukumbushwa. Aliacha magugu yameze shamba. Alishinda kwenye kiti nje ya mlango tangu chai ya asubuhi hadi giza, na watu walipomwita Baba Munene, kama walivyozoea, alifumba macho.

Kwa hiyo alipoanza kuongea habari za bahari, Ntinyari alimshukuru Mungu. Gichunge alikuwa mwanamaji mpaka alipostaafu, na huko pwani ndiko alikojifunza kuvua kwa kayaki. Sasa alitaka kurudi, yeye na Yattani, mwenzake wa kazini ambaye siku hizi alifanya biashara ya mbuzi na kuishi Chechelesi. Yattani angesimama ufuoni, kaskazini ya Malindi, arushe mshipi pale mawimbi yanapovunjika. Gichunge angepiga kasia hadi nje ya mwamba, kwenye samaki wakubwa, kolekole na nguru. Alimchorea mkewe mwamba huo mavumbini kwa kijiti. Alimweleza jinsi mwezi mpevu unavyoyajaza maji na kuyakausha. Ntinyari hakuwa ameona bahari maishani, lakini aliuliza hili na lile, ili tu sauti ile isinyamaze tena.

Mumewe alikuwa mkarimu pia siku hizo. Alimpa Etabo bomba lake la kunyunyizia dawa, kisha saa yake ya mkono, kisha lile jaketi la kuelea lililokuja na kayaki. Etabo alilivaa kwenda malishoni, jekundu kama pilipili, kila mtu akamcheka, na Ntinyari naye akacheka.

Jumanne Ntinyari alipeleka nyanya sokoni Isiolo. Alikuwa akipanga mafungu yake Yattani alipomjia, fimbo ya mifugo kwapani.

"Habari, shemeji. Baba Munene amepona?"

"Alikuwa mgonjwa?"

"Aliniambia nisijisumbue kusafiri. Ati mgongo umemkataa, safari imevunjika."

"Haijavunjika," Ntinyari alisema. "Anaondoka Ijumaa. Amesema mnaondoka pamoja."

Yattani aliishusha fimbo. "Kwenda huko nje peke yake?" Kisha akauliza polepole, "Jaketi yake ya kuelea ameweka wapi?"

Ntinyari alilikumbuka jaketi lile jekundu, mwilini mwa Etabo. Aliziacha nyanya kwa jirani yake na kupanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, yeye ambaye tangu mazishi hakuwa amethubutu hata kugusa pikipiki.

Alimkuta Gichunge kando ya kayaki, akifunga ndoana kwenye mshipi. Akachuchumaa mbele yake.

"Niambie tena hiyo safari."

"Nitaingia alfajiri, maji yakianza kupwa," alisema bila kuinua macho. "Upepo wa nchi kavu uko nyuma yangu, maji nayo yananivuta nje. Sitatumia nguvu nyingi."

"Na kurudi?"

"Huko nje samaki wako kwa wingi."

"Nimeuliza kurudi, Baba Munene. Unarudi na maji gani?"

Mikono yake ilisimama. Ng'ombe walipita njiani na vumbi lao.

"Nimechoka, Ntinyari," alisema mwishowe. "Nikilala namwona. Nikiamka namwona. Mimi ndiye niliyempa ufunguo."

"Na mimi? Mimi sikumzaa?" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata Etabo akaisikia kwake. "Ulitaka nikae hapa nikungoje? Nimtazame kila mtu anayetoka barabarani?"

Gichunge alijifunika uso, akalia kwa sauti mbaya, kavu, kama mtu anayekohoa. Ntinyari alichukua ndoana ile kutoka vidoleni mwake, kwa sababu ilikuwa imeanza kumchoma.

Jioni Yattani alikuja na pikapu ya binamu yake. Hakumgombeza rafiki yake. Alisema tu, "Hii naenda kukaa nayo," akapakia kayaki, kasia na mishipi, Etabo akisaidia kuinua. Kesho yake wakampeleka Gichunge hospitali. Daktari mmoja kijana alizungumza naye, akampa vidonge na tarehe ya kurudi. Gichunge alijibu kila alichoulizwa. Alikubali kila kitu, kama mtu ambaye hana tena haja ya kubisha.

Tangu hapo amerudi kwenye kiti chake. Hazungumzii bahari wala kitu kingine. Yattani huja, wanakaa pamoja, chai inapoa. Vidonge anavimeza akipewa. Kuna siku Ntinyari huukumbuka uso wa mumewe alipokuwa akichora kule mavumbini, jinsi ulivyokuwa umechangamka, na hujiuliza atapata wapi kitu kingine cha kuuchangamsha uso ule. Hajakipata. Wakati mwingine humjia hasira, kwamba kilichomrudishia mumewe kwa wiki chache kilikuwa ni kifo alichokuwa akikipanga, na yeye alikipikia chai.

Mvua imekaribia, na shamba limelimwa na mtu mmoja. Ntinyari hupiga jembe mistari michache, kisha hunyoosha mgongo na kutazama mlangoni, aone kama mumewe bado yuko pale. Akimwona, huinama tena.