Wanane wa Orrin Kusini

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, saa mbili kasorobo asubuhi, Odessa Tarpley, karani wa Shule ya Sekondari ya Orrin Kusini, alipanga ndoo sita chini ya paa la ukumbi, akavaa miwani na kuanza kuita majina. Walio hai walikuwa mia moja na kumi na watatu. Kisha, kama ilivyokuwa desturi ya siku hiyo, akaita wale wanane waliozama mwaka 1964, basi lao lilipotumbukia Mto Pell.

Wanane hao walikuwa wakiishi jirani kabisa na Shule ya Orrin Kaskazini. Kaskazini haikupokea watoto weusi, kwa hiyo kila asubuhi basi liliwapitisha mbele ya lango lake, likavuka daraja na kuwaleta Kusini, mwendo wa saa nzima. Kila Oktoba wanafunzi waliitika kwa niaba yao: "Yupo."

Mwaka huo waliitika wenyewe.

"Nipo," alisema Lucius Tarpley kutoka benchi la nyuma, akikamua shati.

Odessa alitia alama. Alikuwa na miaka saba kaka yake alipozama. Sasa alikuwa na sitini na saba.

"Dessa, umezeeka," Lucius alisema.

"Na wewe hata ndevu hazijaota. Sogea huko, unalowesha daftari la mwenzio."

Siku hiyo ndipo jimbo lilipokuwa likihesabu wanafunzi. Shule yenye watoto pungufu ya mia moja na ishirini ingefungwa, na watoto wa Kusini wangepelekwa Kaskazini. Mwalimu mkuu, Cleophus Gant, alijumlisha mara mbili, akapata mia moja ishirini na mmoja, akaenda kunywa kahawa. Kompyuta ilipokea tarehe za kuzaliwa za wale wanane bila shida, ila ilidai kadi za chanjo. Muuguzi akawachanja. Alisema mikono yao ni ya baridi, lakini afadhali wao, hawadeki kama watoto wa siku hizi.

Februari alikuja mkaguzi, msichana aitwaye Kendra Pugh, kuzilinganisha shule mbili za serikali za kaunti hiyo. Kaskazini alikuwa amekuta maabara mbili, uwanja wenye taa na paa zima. Kusini alikuta maabara moja, ambayo pia ilikuwa stoo ya viti. Katika darasa la Lucius alikanyaga maji.

"Mama, haya maji yanatoka wapi?"

"Mtoni," Odessa alijibu.

"Fomu yangu ina paa na bomba tu."

"Basi andika paa, mwanangu. Nalo linavuja."

Kendra aliandika paa. Alihesabu vichwa, akapata mia moja ishirini na mmoja, akasifu utulivu wa wale wa nyuma. Mchana alikula kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi, akaomba aongezwe, akaondoka.

Mtihani wa jimbo ulifanyika Aprili, kwenye kompyuta. Wanane walikaa wima na kubonyeza kila kitufe walichoelekezwa. Vitufe vililowa, lakini kwenye kioo hakikuandikwa kitu. Lucius alilitamka jibu la swali la tisa kwa sauti, nalo lilikuwa sahihi. Msimamizi alimwonya asirudie.

Barua ilifika Juni. Idadi ya Kusini ilitosha, ilisema, ila sheria ilitaka watoto tisini na watano katika kila mia wawe wamefanya mtihani, na Kusini haikufikisha. Kwa hiyo ilipewa daraja la chini kabisa, na shule ya daraja hilo hufungwa.

Odessa alimpigia Kendra simu, akamwomba awafute wale wanane.

"Nikiwafuta, mama, mnabaki mia moja na kumi na watatu. Mnafungwa kwa kukosa watoto."

"Na ukiwaacha?"

"Mnafungwa kwa watoto mlio nao."

Odessa alimshukuru. Hakuwa na mazoea ya kukata simu bila kushukuru.

Agosti basi lilianza safari ya kwenda Kaskazini, kupitia daraja lilelile, ambalo kaunti ilikuwa imelipaka rangi mpya. Wanane walikuwa wa kwanza kupanga foleni. Odessa alipanda nao, akibeba mafaili. Karani wa Kaskazini, binti mwenye adabu, aliwaandikisha walio hai wote kabla ya saa nne. Kisha akafungua kabati la zamani, akatoa bahasha.

"Hawa wanane wazazi wao waliwaombea nafasi mwaka 1964, bibi. Walishajibiwa."

"Walijibiwa nini?"

"Wamekataliwa. Na hakuna aliyewahi kulitengua jibu."

"Wewe unaweza?"

"Hapana, bibi. Sina mamlaka hayo."

Basi liliwarudisha. Katikati ya daraja Lucius alimwomba dereva asimame. Wakashuka mmoja mmoja, na dereva akapiga deki.

Siku hizi Odessa amestaafu. Kila siku ya shule, saa mbili kasorobo, husimama darajani na daftari lake, akiita majina manane. Huitikiwa kutoka chini, kwa mpangilio, Lucius wa mwisho. Hutia alama, hufunga daftari, kisha hujibanza ukingoni ili basi la watoto wa Kusini lipite. Daraja hutikisika kidogo.