Maji ya Kuoshea Pompe

Shamba la Habarurema lilikuwa linaliwa kutoka chini. Juu, kabichi zilisimama kijani, zina kiburi chao. Lakini ukishika moja ukaivuta kidogo tu, ilitoka kama jino bovu, haina hata mzizi. Chini yake amelala funza mweupe, mnene, amejikunja, ameshiba. Misimu miwili mfululizo Habarurema aliwamwagia dawa kali iliyonuka hadi barabara ya Rutshuru. Misimu miwili funza walizama chini zaidi, wakangoja harufu iishe, wakarudi mezani. Sasa mzee alikuwa ameapa: msimu huu ukiharibika, atapanda mikaratusi ya kuchoma makala, yaani makaa, kama majirani zake, na kabichi hatazigusa tena.

Ramla alikijua kiapo hicho, na kilimuuma. Alikuwa binti wa Katindo, mjini Goma. Kabichi za Habarurema zilipanda lori la baba yake tangu yeye hajaota meno. Alisomea kilimo, akapata diploma yake, kisha akageuza kona ya jiko la mama yake kuwa mahali pa kufugia minyoo. Leo alikuwa amekuja Kibumba, shambani kwa mzee, na makopo mawili na kichupa cha dawa.

"Muzee, nimeleta." Alifungua kopo moja. Ndani mlikuwa na sponji iliyolowa.

Habarurema aliinusa. "Haina harufu."

"Iko na minyoo ndani. Mamilioni. Hauwezi kuiona na macho."

"Mukamugema!" Mzee alimwita mke wake. "Kuja usikie! Minyoo inatumaliza shamba, agronome anatuletea ingine!"

"Labda itakula ile ya kwanza," Mukamugema alijibu kutoka jikoni, "kisha ikule na weye."

Ramla alicheka, lakini hakurudi nyuma. "Hii haigusi mashu, kabichi zako, muzee. Inaingia mu mwili ya funza, inamuua kutoka ndani. Shida ni moja: funza mwenye nguvu anajipangusa, anaitupa kule. Njo maana tunamupatia na dawa kidogo, quart tu ya kipimo, robo. Haimuui. Inamulegeza, anakuwa kama mulevi. Na mulevi hafungake mulango."

"Quart!" Mzee alitema mate pembeni. "Mimi niliweka kipimo mara mbili na walinicheka."

"Na si ile yako ya kunuka. Ile inaua minyoo yangu pia. Ni hii ingine."

Mzee alilifunga kopo. "Moitié ya shamba, nusu tu. Ikishindwa, nang'oa yote, hata ile ingine."

Jua lilipopoa walijaza maji kwenye pompe ya mgongoni ya mzee, wakakamulia sponji na robo ya dawa, wakaanza kunyunyizia mstari kwa mstari. Kopo la kwanza lilipokwisha, Ramla alidondosha tone la maji ya pompe kwenye kipande cha kioo, akaliangalia kwa lupe yake, lenzi ya kukuzia vitu. Minyoo iliyo hai hujipinda na kucheza. Hii ilikuwa imenyooka kama sindano, yote.

Aliinamisha pua kwenye mdomo wa pompe. Harufu ile ya zamani ilimpanda kichwani.

"Muzee, pompe hii uliosha lini?"

Habarurema alimkazia macho kana kwamba ameulizwa lini aliuosha mlima wa Nyiragongo. "Kuosha? Na maji gani?"

Hapo ndipo Ramla alipoelewa. Kibumba haina mto. Ardhi ya lava hunywa kila kitu, na maji ya nyumba ni yale yaliyoanguka kwenye bati yakaingia kwenye pipa. Hakuna mtu huko anayemwaga maji kuosha chombo atakachokijaza tena kesho. Hata mtoto wa Kibumba alijua hilo. Yeye, aliyekulia mjini kando ya ziwa, hakujua. Na kwa kiburi cha diploma hakuuliza.

Angeweza kunyamaza. Funza wangeendelea kula, lawama ingeangukia minyoo, na yeye angerudi Katindo na jina lake safi.

"Imekufa, muzee. Yote. Kosa ni yangu. Nilipaswa kuuliza mbele ya kumwanga."

Habarurema alivua kofia. "Mutu ya diplome anasema kosa ni yake," alisema taratibu. Hakuwa anadhihaki. "Imebakia?"

"Kopo moja. Inatosha mistari saba tu. Lakini lazima pompe ioshwe mara tatu."

Mzee aligeuka kulitazama pipa. Lilikuwa chini ya nusu, na mvua ilikuwa imesuasua wiki nzima. Mukamugema ndiye aliyetoka jikoni na bidon mkononi, akachota maji.

"Hiyo ni ya kupika!" mumewe alisema.

"Leo tutachoma mahindi. Mimi sitaki kuzeekea mu moshi ya makala. Shika pompe."

Waliosuuza walikuwa watatu, mikono inagongana. Kila mara Habarurema aliingiza pua ndani na kusema, "Bado." Mara ya tatu alimpa Ramla pompe. Ramla alichanganya upya, sponji ya pili na robo ya dawa, akatazama tone kwa lupe: minyoo ilicheza! Mistari saba ilinyunyiziwa ukungu ukishuka kutoka mlimani, na manyunyu yakaja yenyewe kuilowesha ardhi.

Baada ya siku kumi na mbili Ramla alirudi. Alimkuta Habarurema amepiga magoti kwenye mstari wa nne, amechimba kwa vidole. Kiganjani mwake mlikuwa na funza watatu, wamelegea, wekundu kama tofali.

"Hawanuke," alisema, kama mtu anayelalamika.

"Ni minyoo. Inazaa mule ndani."

"Mistari yote saba iko hivi. Kule kwingine wangali weupe." Alisimama, akajipangusa magoti, kidevu juu. "Leta sponji ya shamba yote."

"Na makala?"

"Makala ni ya wavivu."

"Basi sponji sina, muzee. Utafuga mwenyewe. Hawa wekundu unawalaza kwenye kitambaa kibichi, mu sahani yenye maji kidogo; minyoo inatoka, inaingia mu maji."

Habarurema alikwishaondoka, kiganja amekifunga kwa uangalifu, anaelekea jikoni.

"Mukamugema! Nipe sahani!"

"Ya kuweka nini?"

Mzee alificha kiganja nyuma ya mgongo.

"Habarurema, nakuuliza: ya kuweka nini?"