Dengu Hazina Kikopo

Kengele ya chakula ilipolia saa sita na robo, Dimka Karaslavova alifungua mkate wake na kipande cha soseji, akala amesimama kando ya mashine ya kujazia vikopo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kutwa alipakia krimu ya kulainisha ngozi, na mikono yake mwenyewe ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi. Kichwani alifunga kitambaa, maana nywele zilikuwa zikimtoka mafungu kwa mafungu.

Jumatatu hiyo kiwanda kilipata mpishi mpya, Bogdana, mjane mnene kutoka vijiji vya milimani. Aliwatazama wanawake kumi na wanne wa mashine, akaguna.

"Nyinyi ndio mnaouza uzuri? Mbona mmekauka kama kuni? Kaeni mle!"

Aliwapa dengu, pilipili hoho za kuchoma, dagaa, na mtindi mzito ulionyunyiziwa kokwa za jozi zilizotwangwa. Wakala. Kesho yake wakala tena.

Wiki ya pili mikono ya Dimka ilifunga nyufa. Wiki ya tatu nywele zilianza kuota, na hazikuwa na subira. Alhamisi asubuhi zilifika mabegani. Adhuhuri zilikuwa kiunoni. Jioni alizikunja ndani ya kikapu cha sokoni, akapanda basi. Konda alimwomba asogeze kikapu, watu wapite.

"Shoga, unazisukaje zote hizo?" aliuliza Velichka, mwenzake wa mashine ya pili.

"Nasuka za mbele tu. Za nyuma nimemwachia mume wangu. Tangu astaafu hana kazi."

Velichka yeye alianza kutoa mwanga usoni, mwanga wa manjano wa dirisha la jikoni. Wengine wakafuata. Umeme ulipokatika, kazi haikusimama. Fundi alikuja, akatazama, akaandika kwamba mwanga unatosha, akaenda zake.

Ndipo meneja, Bwana Haralampiev, alipoleta mpiga picha. Kila mwanamke alipewa kikopo ashike.

"Tabasamuni, kina mama! Watu waone krimu ilivyowafanyia."

"Krimu gani, bosi?" alisema Dimka. "Hata kuionja kwa kidole tumekatazwa. Hizi ni dengu."

"Dengu hazina kikopo, mama," meneja alijibu kwa upole.

Picha ikabandikwa kwenye vituo vyote vya basi. Krimu ikatafutwa kama mvua. Kiwanda kikahitaji ghala zaidi, basi chumba cha chakula kikajazwa vikopo, na Bogdana akapewa barua ya shukrani.

Bogdana hakulia. Alihamishia sufuria yake kwenye kibanda kilichoelekeana na geti, na wanawake wakawa wanakula kabla ya zamu. Asubuhi za baridi, giza likiwa bado nene, hakuhitaji taa. Walimmulikia wenyewe, wakitaniana na kugombea ukoko.

Asubuhi moja alikuja msichana mwenye chunusi, amekonda. Alimtambua Dimka kutoka kwenye picha.

"Shikamoo, mama. Uliipaka kwa muda gani?"

"Marahaba, mwanangu. Sijawahi kuipaka. Kaa ule."

Msichana alikula mabakuli mawili, mashavu yakaanza kumwiva. Akafuta mdomo, akashukuru sana, akavuka barabara kwenda duka la dawa kununua krimu.

"Kesho ni maharage!" Bogdana alimpigia kelele.

"Nitakuja!" alijibu msichana, akasukuma mlango wa duka.