Mfasiri wa Sudarsani

Mwaka sabini na sita hakukuwa na mtu Mbeya aliyemjua Sudarsani kumshinda Jaha Matano, na msinibishie. Filamu za Kihindi zilikuwa na wajuzi tele, hata wauza vitumbua waliimba nyimbo za filamu hizo. Lakini Sudarsani alicheza filamu za Kitelugu, lugha ambayo hata Wahindi wenye maduka pale mjini hawakuambulia neno. Ndiyo maana kando ya pazia alisimama Jaha, kipaza sauti mkononi, akiwaeleza watu nani kasema nini.

Mnadhani Jaha alijua Kitelugu? Thubutu! Siri yake ilikuwa Selemani, mfasiri mwenzake wa Iringa. Filamu zilianzia huko, na huko kulikuwa na mwalimu wa hesabu, Mtelugu wa kuzaliwa. Selemani alikaa naye, akamdadisi, kisha akaandika kisa chote kwenye barua na kuitia ndani ya mkebe wa filamu. Mkebe ulipanda basi, ukapita Chimala, ukamfikia Jaha. Miaka saba barua hazikukosea hata mara moja. Na nani aliyemfundisha Selemani kazi hiyo? Jaha huyohuyo, tena alimlaza chumbani kwake mtaa wa Ilomba, hapo Mbeya, na kumlisha mwaka mzima.

Kwa barua hizo watu wa Mbeya walimwona Sudarsani akikua. Alianza kama mchunga farasi wa kupigwa makofi, akawa kaka wa kuhangaikia dada zake waolewe, mwisho akawa shujaa mwenyewe, masharubu yamekaa sawasawa. Jaha alimpenda mno. Siku moja mtu alisema Sudarsani ameanza kuota kitambi, Jaha akanuna siku mbili.

Sasa meneja Yotamu, msimamizi wa sinema zote mbili, akatangaza kwamba atabaki mfasiri mmoja tu, wa Mbeya na Iringa. Atamchagua Jumapili alasiri, hapo Mbeya, kwenye filamu mpya ya Sudarsani. Jaha alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hakujua kazi nyingine. Hata hivyo alimwandikia Selemani: mdogo wangu, apate atakayepata, sisi tusikosane.

Jibu lilikuja ndani ya mkebe, pamoja na kisa. "Kaka, safari hii Sudarsani anajifanya mbaya ili ampime mdogo wake. Waeleze watu tangu mwanzo, wasije wakamchukia bure."

Jumapili ukumbi ulifurika. Sudarsani akatokea, akampora mdogo wake shamba.

"Anajifanya!" Jaha akaeleza.

Akachoma nyumba.

"Bado anajifanya, jamani, subirini."

Watu wakaanza kunong'ona. Jaha naye si kipofu, aliuona uso ule. Sudarsani alikuwa amezeeka, na sasa alipewa nafasi za watu waovu, kama wanavyopewa waigizaji wengi ujana ukiwaacha. Macho ya Jaha yalimwambia hivyo waziwazi. Lakini mwandiko ulikuwa wa Selemani, na Jaha aliuamini kuliko macho yake. Sudarsani akachomoa kisu, akamchoma mdogo wake, akamzika.

"Mzee Jaha!" akapaza sauti Atuganile, muuza karanga, kutoka safu ya mbele. "Na maiti naye anajifanya?"

Loo! Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Waliomshangilia miaka yote wakapiga miluzi na kumtaka ashuke. Yotamu akamgusa mtu aliyekaa karibu naye, naye akainuka. Alikuwa Selemani! Pembeni yake alikuwa yule mwalimu wa hesabu. Wamekuja lini, Jaha hakujua. Na maskini wa Mungu, wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba swahiba wake amekuja kumwokoa. Akamnyooshea kipaza sauti yeye mwenyewe.

Selemani akakipokea bila kumtazama. "Ndugu watazamaji, Sudarsani wa leo ni muuaji tangu mwanzo. Sikilizeni niwaeleze."

Watu wakapiga makofi.

Jaha alimngoja nje, mpaka filamu ikaisha. Selemani alitoka na wapambe, akajaribu kupita, akashindwa.

"Kaka, usinielewe vibaya," alisema. "Maisha tu. Nina watoto watano."

"Watatu kati yao nimewapa majina mimi," Jaha alisema. "Nijibu neno moja. Zile barua nyingine, za miaka saba. Nazo zilikuwa uongo?"

"Wallahi la! Zote zilikuwa kweli. Ni hii moja tu, kaka."

Selemani alidhani anamfariji. Akanyoosha mkono.

Jaha aliutazama mkono ule, machozi yakimlengalenga.

"Heri ungenidanganya tangu ile ya kwanza," alisema. "Leo ningekuwa nimepoteza kazi tu."