Kigelegele cha Mwanamke wa Java

Saa kumi jioni Anastazia alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha gesti ya mama yake, Mikumi, akitengeneza muziki wa disko wa Kiindonesia. Madereva wa malori ya Iringa waliupenda kwa sababu ulikwenda mbio na kuwafukuzia usingizi. Mmoja wao, Mudathir, alikuwa amemletea kutoka bandarini sidii yenye vipande vya sauti, kengele na ngoma za Indonesia, vya kuunganisha kwenye kompyuta mpaka utoke wimbo.

Alibofya kipande kilichoandikwa kwa Kiingereza kuwa ni shangwe za mwanamke wa Java, kisiwa cha huko. Kigelegele kikalia kwenye spika. Papo hapo kikalia na uani, kinywani mwa bibi yake, Perpetua, aliyekuwa akichambua mchicha.

Akabofya tena. Bibi akapiga tena, mikono ikiendelea na mchicha.

Perpetua alikuwa bubu tangu wageni wenye kinasa sauti walipopanda kijijini kwake, milimani Vidunda, kipindi kile mashamba ya mkonge yakipewa wawekezaji. Walimrekodi harusini akipiga kigelegele, wakashukuru, wakaondoka. Kesho yake aliamka hana sauti. Hospitali walimpa dawa ya koo. Kilichobaki ni kigelegele hicho kimoja, nacho kilimtoka bila kuitwa, hata kanisani. Padri alishazoea. Siku ya kumzika mumewe kilimtoka kando ya kaburi mara tatu, na mashemeji hawakukanyaga tena kwake.

Teresia, mama yake Anastazia, alikuwa akianua mashuka. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Kumbe siku ile tunamzika baba, wenzetu walikuwa wanacheza kwa sauti yake."

Anastazia alikwenda Morogoro kwenye intaneti, akawaandikia wenye sidii kwamba sauti ni ya bibi yake. Walimjibu kwa adabu kwamba sauti ile ni ya Java na haki zote ni zao.

Aliporudi alipiga magoti mbele ya bibi yake.

"Bibi, nikifute? Angalau kwangu kisilie."

Perpetua alikataa kwa mkono. Akajivuta mpaka kwenye kompyuta, akausikiliza wimbo wote, ukarudiwa. Pale ngoma zilipotulia akagonga meza kwa kidole. Hapo. Anastazia akakiweka hapo hapo, na kilipolia pamoja naye, bibi akachezesha mabega.

Mudathir aliuchukua wimbo. Lori lake likipanda mlima Kitonga, nyumbani walijua kwa kinywa cha bibi.

Aliporudi toka Iringa alimkuta Perpetua mkekani na Teresia na Anastazia, wakila. Akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

Perpetua akafungua kinywa. Mahali fulani walikuwa wameanza kucheza. Kigelegele kikatoka, kirefu, kitamu, kikarudiwa, kikarudiwa tena. Mudathir alisimama na kofia mkononi mpaka kilipokwisha. Akangoja kidogo marahaba. Kisha Teresia akamsogezea maji ya kunawa.